Land Rover 109 ya marehemu mzee: nishushe injini ya petroli nifunge 3L ya dizeli ya Toyota, au nikomae nayo?

Mwana wa Bwana Shamba (Lushoto)

Wakuu salaam. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba wenye uzoefu wanisaidie kabla sijatoa hela.

Nina Land Rover 109 Series III ya mwaka 1976, ile ndefu ya pikapu, injini ya petroli lita 2.25. Baba alikuwa bwana shamba huku milimani, na gari hili alilinunua kwenye mnada wa serikali mwaka 1988 likiwa halina betri wala kioo cha upande wa dereva. Alilitembelea mpaka 2019 alipotutoka. Sasa liko mikononi mwangu, na si gari la kupigia picha za harusi. Ndilo linaloshusha kabichi na karoti kutoka Lukozi hadi Mombo mara mbili kwa wiki, kila safari kama kilomita 130 kwenda na kurudi ukijumlisha na mizunguko.

Waliopita njia ya Mombo kupanda Lushoto wanaijua. Kilomita 33 za kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Baba alikuwa anapanda na gia ya tatu gari likiwa tupu, anaongea na kuonyesha mashamba ya watu kwa kidole. Mimi sasa hivi napanda na gia ya pili, tupu, na kabla sijafika kwenye maporomoko ya Soni mshale wa joto umeshalala kwenye nyekundu. Nasimama, utingo anaweka jiwe nyuma ya tairi, tunangoja lipoe, tunamimina maji. Wiki iliyopita nikapitwa na bajaji. Bajaji, wakuu, tena ina abiria watatu na ndoo.

Mafuta ndiyo usiseme. Nikipima naona kilomita 5 kwa lita, na petroli ni karibu shilingi 3,000. Oili hainywi sana, nusu lita kwa mwezi. Asubuhi inawaka kwa stata mbili tatu, ila ikishapata moto ukiizima inagoma kuwaka mpaka ukanyage ekseleta yote, halafu inatoa moshi mweusi na harufu ya petroli mtaa mzima.

Fundi wangu wa hapa amesikiliza dakika tano akasema, "Injini imechoka hii, shusha." Anayo 3L ya dizeli iliyotoka kwenye Hiace, na gia boksi yake, milioni 3.8. Kuifunga anataka milioni 1.2. Anasema nitasahau shida zote.

Kaka yangu wa Dar anasema niuze gari zima. Mama hasemi kitu, lakini siku fundi alipokuja kuangalia alikaa barazani ameshika tama mpaka fundi akaondoka. Na mimi mwenyewe sauti ya injini ile niliijua kabla sijajua kusoma. Baba akiwa bado kwenye kona ya kanisa, mama anabandika chai. Sasa nikiweka dizeli ya Hiace ndani ya boneti ile, sijui nitakuwa nimebaki na gari la nani.

Ila kabichi hazijui mambo ya urithi. Zikilala siku mbili njiani zimekwisha.

Naomba kuwasilisha.

---

Pikapu la Mkaa (Handeni)

Mkuu pole sana. Mimi nilifanya hicho unachotaka kufanya, mwaka wa tatu huu. 109 kama yako, 3L kama hiyo. Sijuti, ila nitakwambia yote.

Injini na gia boksi nilipata kwa milioni 3.6 nikajiona mjanja. Kisha: kukata na kuchomelea mikono ya injini laki 9. Propela shafti kukatwa na kuungwa, 350,000. Rejeta kubwa, laki 5. Eksozi mpya, 250,000. Betri, maana dizeli haiwaki kwa betri yako ya sasa, laki 4. Nyaya, bomba za mafuta na vikorokoro, laki 3. Mwezi mmoja baadaye gari linatetemeka kama lina homa, propela hazikubalansiwa, na mikono ilikaa upande. Fundi mwingine akafumua akafunga upya, laki 6. Jumlisha mwenyewe, milioni 6.9. Spidomita haisomi mpaka leo, waya wake haukuingia.

Faida: napata kilomita 10 kwa lita, na nikibeba magunia 20 ya mkaa mlima naupanda bila kuomba dua. Spea za 3L zipo hadi Handeni. Ikiharibika saa 2 usiku porini, dereva yeyote wa Hiace anaijua.

Hasara moja kubwa, na hii hawakuambii: gia boksi ya Hiace inasukuma magurudumu ya nyuma tu. Nilipoifunga, difu ya mbele ikabaki pambo. Huku kwetu nyanda si tatizo sana. Huko kwenu kwenye udongo mwekundu wa Mtae mvua ikinyesha, sijui.

---

Nauza Viwanja (Dar)

Uza chuma hicho ununue Noah mkuu, ule maisha.

---

Pikapu la Mkaa (Handeni)

Noah ishushe kabichi tani moja kutoka Lukozi? Jamaa wa Dar bwana.

---

Fundi Mstaafu (Arusha)

Mwanangu, nimesoma mara mbili. Nimeanza kushika injini hizo mwaka 1974 nikiwa kijana wa kuosha vyuma kwenye petroli, mpaka mgongo uliponikataza. Kwa hiyo niruhusu niwe mkali kidogo: fundi wako amehukumu bila kusikiliza shahidi.

Injini iliyochoka inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Wewe unasema nusu lita kwa mwezi. Kwa chuma cha 1976 kinachopanda Soni na kabichi, hiyo si injini mbovu, hiyo ni ya kuombewa maisha marefu. Shida ulizotaja ni mbili tofauti, na watu wanazichanganya kwenye kapu moja.

Ya kwanza ni petroli. Moshi mweusi, harufu, kugoma kuwaka ikiwa ya moto mpaka ukanyage ekseleta yote: hiyo ni kabureta inafurika. Yako bila shaka ni Zenith, kama haijabadilishwa. Zenith ile ina ugonjwa wake wa kuzaliwa, kifuniko cha juu kinapinda kwa joto na kwa watu kukaza boliti kwa hasira. Kikipinda, petroli inavuja kwa ndani na kuingia kwenye injini bila kupimwa. Dawa yake haina gharama. Tafuta kipande cha kioo kilichonyooka, weka msasa laini juu yake, weka kifuniko uso chini, sugua taratibu kwa mzunguko kama unasaga dawa, mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Badilisha na ile ringi ndogo ya mpira iliyo ndani. Hapo peke yake unaweza kurudisha kilomita moja kwa kila lita.

Ya pili ni joto na nguvu kupungua. Hapa nahitaji namba, si hisia. Azima kipimo cha kompresheni, yaani msukumo wa hewa ndani ya silinda. Injini ikiwa ya moto, toa plagi zote nne, kanyaga ekseleta hadi chini, mtu apige stata, andika kila silinda. Zikiwa zote chini sawasawa, basi ringi na silinda zimeisha na tutaongea mengine. Zikiwa mbili zilizokaa jirani ndizo zilizo chini na nyingine nzima, usishushe kitu chochote mpaka uniambie.

Maswali mengine. Themostati, ile valvu inayoongoza maji kwenda rejeta injini ikipata moto, ipo au mtu aliitoa "ili isichemshe"? Mafundi wetu wanapenda sana kuitoa. Kwenye injini hiyo ukiitoa, maji yanapata njia ya mkato ya kurudi kwenye bloku bila kupita rejeta, halafu unashangaa linachemka zaidi. Na ubavuni mwa bloku, upande wa kushoto, kuna bomba dogo la kumwagia maji. Lifungue. Kama hakitoki kitu, si kwamba hakuna maji, ni kwamba pamejaa tope la kutu. Chokoa na waya.

Mwisho, namba ya injini. Imegongwa kwenye bloku upande wa kushoto, mbele, karibu na manifodi ya eksozi. Safisha kwa brashi, isome, uilinganishe na kadi ya gari. Watu wengi wanagombania injini "ya asili" ambayo hawajawahi kuisoma namba.

---

Dereva wa Karatu

Naunga mkono mzee, ila niongeze la upande wa pili, kwa sababu swali lako la kubadilisha ni halali.

Kama ni lazima ubadilishe, usiende kwa Toyota, tafuta injini ya dizeli ya 200Tdi, ya Discovery au Defender za mwanzo wa miaka ya 1990. Ni ukoo mmoja na hiyo 2.25 yako, inashikana na kengele ya gia boksi ya zamani, lile ganda linaloungana na injini, bila kutengeneza sahani ya kuunganishia. Kwa hiyo unabaki na gia boksi yako na gari linasukuma mbele na nyuma. Ina lita 2.5, turbo, nguvu za farasi 111 kwa ile ya Discovery, wakati yako ilipotoka kiwandani ilikuwa na kama 70.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Nilifungiwa moja kwenye 109 ya kampuni niliyokuwa nafanyia kazi. Kwa miezi miwili nilikuwa mfalme wa njia ya Mto wa Mbu. Mwezi wa tatu gia boksi ikaanza kuruka gia. Ile boksi ilitengenezwa kwa nguvu za punda, wewe umeifunga nyati. Difu zenye uwiano wa 4.7 nazo ni fupi, injini inapiga kelele ukifika 80 na huna pa kwenda. Ukitaka difu ndefu, ya mbele unapata, ya nyuma ya 109 ni aina ya Salisbury, hiyo utaitafuta mpaka ukome. Na breki ni ngoma zile zile za 1976. Gari linalokimbia zaidi na halisimami zaidi, kwenye mteremko wa Soni, na tani ya kabichi mgongoni, hapana mkuu.

Kwenye tamasha la Land Rover hapa Arusha, Oktoba 2024, nilizunguka nikichungulia boneti za zile kongwe. Nyingi hazikuwa na injini zake. Hakuna aliyetukanwa. Lakini wenye injini zao ndio waliokuwa wamezungukwa na watu.

---

Pijo ya Nyeri (Kenya)

Habari ndugu zangu wa Tanzania. Mimi si mtu wa Land Rover, ni mtu wa Peugeot, lakini hiyo swali imenigusa.

Nilikuwa na 504 saluni ya 1979. Nyinyi mnajua huku kwetu hiyo gari ilikuwa nini. Ilishinda Safari Rally 1975, na ile kupe yake ya V6 ikashinda 1978, na zile wagoni zilibeba watu wa Nyeri na Nakuru miaka na miaka kama matatu. Yangu ilianza kunywa oili, makanika akaniambia nitoe injini, niweke ya Toyota. Nikaweka. Iliendesha vizuri, sitadanganya. Ile injini ya zamani niliuzia watu wa vyuma chakavu, wakapima kwa kilo, wakanipa pesa ya nyama choma na soda.

Miaka minne baadaye nikaipiga rangi, nikabadilisha viti, nikaanza kuota kuipeleka kwa ile mashindano ya magari maridadi pale Ngong Racecourse. Mzee mmoja mkusanyaji akaja kuinunua. Alizunguka gari akitabasamu, akaingia akakaa, akashika usukani. Kisha akasema fungua boneti. Aliangalia kama sekunde kumi, akafunga mwenyewe polepole kama mtu anafunika maiti. Akanipa nusu ya bei aliyokuwa ametaja kwa simu.

Ushauri wangu ni mmoja tu. Ukibadilisha, badilisha, ni gari yako na una watoto wa kulisha. Lakini injini ya baba usiuze. Mimina oili kidogo kwa mashimo ya plagi, izungushe kwa mkono, rudisha plagi, funika na turubai, iweke juu ya mbao mahali pakavu. Siku moja wewe ama mtoto wako atairudisha. Yangu saa hii pengine ni sufuria ya mtu.

---

Mwana wa Bwana Shamba (Lushoto)

Mzee wangu shikamoo. Wengine wote nawashukuru, nimecheka na nimeogopa.

Kipimo nimekipata kwa jamaa wa Mombo. Hizi hapa, kuanzia mbele: 128, 126, 72, 70.

Themostati haipo. Nyumba yake ipo, ndani mna utando wa buibui, natania, mna kutu. Lile bomba la ubavuni nimelifungua, halikutoka hata tone.

Namba ya injini sijaifikia, pamejaa grisi ya miaka thelathini. Kesho naleta mafuta ya taa.

---

Fundi Mstaafu (Arusha)

Marahaba mwanangu. 72 na 70, silinda ya 3 na ya 4, majirani. Mbili za mbele nzima kabisa. Pistoni mbili zinazokaa pamoja hazizeeki kwa makubaliano. Hiyo ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imeungua katikati ya 3 na 4, na huko nyuma ndiko tope la kutu linakojaa, kwa hiyo ndiko joto linakoanzia.

Fungua hedi tu. Usiguse chini. Hedi ipelekwe ikapimwe kama imepinda na isawazishwe uso. Angalia siti za valvu za eksozi ukiwa hapo. Petroli yenye risasi iliondolewa kwetu kufikia mwanzoni mwa 2006, na risasi ile ndiyo iliyokuwa inazilinda siti. Kama gepu za tapeti zimekuwa zikipungua kila ukizipima, ujue siti zinaliwa. Gepu ni inchi 0.010, zote nane, valvu za kuingiza na za kutoa ni sawa.

Bloku ioshwe mpaka maji yatoke meupe. Themostati mpya. Halafu tutaongea kuhusu hiyo 3L.

---

Pikapu la Mkaa (Handeni)

Mzee wewe ungenikuta miaka mitatu iliyopita ningekuwa na milioni 6 benki.

---

Mwana wa Bwana Shamba (Lushoto)

Wakuu, wiki tatu zimepita, naleta marejesho.

Hedi ilifunguliwa uani kwetu chini ya mti wa peasi, na si na yule fundi wa mwanzo. Gasketi ilikuwa imeliwa kati ya 3 na 4, pengo upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, jeusi. Mzee, uliliona ukiwa Arusha. Kwenye bloku nimechokoa na waya wa baiskeli, limetoka tope jekundu kikombe na nusu. Utingo akasema tungefinyanga chungu. Siti za valvu ziko salama, mbili zimesuguliwa kidogo basi. Hedi ilikuwa imepinda, imesawazishwa Tanga.

Kabureta nimesugua mwenyewe usiku, juu ya kioo cha rafu ya kabati la mama. Ilinichukua saa mbili na nilivyomaliza nilikuwa na mkono mmoja. Kifuniko kilikuwa kimepinda kama ganda la ndizi.

Hesabu: gasketi seti nzima 120,000. Kusawazisha hedi pamoja na nauli yake 90,000. Themostati na mipira ya maji 75,000. Msasa na ringi ya kabureta 10,000. Fundi 120,000. Jumla 415,000.

Kompresheni sasa 132, 130, 127, 125. Jumamosi nimepanda kutoka Mombo gari tupu. Kona za mwanzo gia ya pili, baada ya hapo nikaingiza ya tatu, ikakubali. Pale kwenye maporomoko ya Soni mshale uko katikati. Utingo alikuwa ameshashika jiwe lake mapajani kwa mazoea, akabaki nalo mpaka Lushoto. Mafuta nimepima kwa kujaza tanki mara mbili: kilomita 126, lita 20. Yaani 6.3.

Nimepiga hesabu ya 3L upya kwa bei za mkuu wa Handeni. Kwa wiki natembea 260. Kwa 6.3 ni lita 41, kwa 10 ni lita 26. Nitaokoa lita 15, kama shilingi 45,000 kwa wiki, milioni 2.3 kwa mwaka. Kurudisha milioni 6.9 ni miaka mitatu, na kwa miaka hiyo yote magurudumu ya mbele ni pambo. Ingekuwa bado ni kilomita 5 kwa lita na natembea kila siku, ningeshusha bila kumuuliza mtu. Kwa safari mbili kwa wiki, hapana. Fundi wa 3L nimeshamwambia, amenuna, akasema nitarudi.

Sasa la namba. Nimesafisha kwa mafuta ya taa nikaisoma, nikaenda kuchukua kadi. Haziendani! Si tarakimu moja, namba nzima ni nyingine. Nikadhani nimesoma vibaya, nikamwita mwanangu asome kwa sauti. Ile ile.

Nikamfuata mama jikoni. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nianze kulisema gari hili. Anasema injini ya kwanza ilikufa 1993. Konrodi ilitoboa bloku, baba akavutwa na trekta kutoka Mlalo. Hii niliyoililia ilitoka kwenye Land Rover ya misheni iliyopinduka. Baba aliinunua kwa kuuza mtamba, yule ambaye mama alikuwa anamngojea azae ili tupate maziwa. "Sikusema naye siku nne," mama anasema. "Siku ya tano akaja na chai kaipika mwenyewe, ina chumvi badala ya sukari, nikacheka."

Kumbe siku ile barazani hakuwa na huzuni ya injini. Alikuwa anaogopa nitamwomba niuze ng'ombe.

Nimemweleza kuwa kadi haiendani na injini na hilo ni kosa. Kwa hiyo Pijo ya Nyeri, ushauri wako nitauzingatia, ila injini ya asili ya gari hili ilishakuwa sufuria miaka mingi kabla ya 504 yako.

Maswali mawili ya mwisho kwa mzee. La kadi nianzie wapi? Na boliti za hedi, fundi amekaza kwa futi-pauni 65, anasema imetosha milele. Ni kweli?

---

Dereva wa Karatu

La kadi nilishalipitia mkuu, gari la kampuni. Kabla ya kwenda TRA kubadilisha taarifa, gari likakaguliwe kwanza na polisi wa usalama barabarani wasome namba kwenye bloku. Nenda na maelezo ya injini ilikotoka. Kama misheni ile bado ipo, jaribu kuwaomba hata barua, itakupunguzia maswali. Na uende kabla hujakamatwa njiani, usiende baada ya.

---

Fundi Mstaafu (Arusha)

65 ni sawa. Milele si sawa. Tembea kama kilomita 500, kisha asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, legeza boliti moja robo mzunguko, ikaze tena kwa 65, nenda kwenye inayofuata, ukianzia katikati kwenda nje. Usizilegeze zote kwa pamoja. Ukimaliza pima gepu za tapeti upya, zitakuwa zimebadilika.

Na mpaka hizo 500 ziishe, punguza kabichi. Nakujua, utasema umepunguza. Punguza tena.

Mama msalimie.